Vitufe vya Klarineti ya Zamani Vinaponata: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wapigaji na walimu wa bendi za shule, makanisa na vikosi huku Nyanda za Juu Kusini, walio na klarineti iliyokwishapita mikononi mwa wengi. Kazi nyingi zilizoelezwa hapa zinafanyika nyumbani, mezani, kwa vifaa vinavyopatikana kwa mafundi saa na mafundi cherehani wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, au soko kuu la Iringa. Chache ni za fundi, nazo tumezitaja.

Kitufe kimoja kinanata. Nianze na nini?

Anza kwa kukichunguza. Mafuta weka kando kwanza. Bonyeza kitufe polepole, kiachie polepole, na usikilize. Kama pedi (kile kijisahani laini cha kitufe kinachoziba tundu) inaganda kwenye tundu kisha inabanduka kwa mlio mdogo wa "ta", tatizo liko kwenye uso wa pedi: mate yaliyokauka, sukari au unyevu. Kama hakuna mlio ila kitufe kinarudi kivivu, au kinaishia katikati, tatizo liko kwenye pini yake (kijiti cha chuma ambacho kitufe huzungukia) au kwenye springi. Na kama kinakwama pale tu unapounganisha kipande cha juu na cha chini, angalia lile daraja dogo linalounganisha vitufe vya vipande hivyo viwili. Huenda limepinda, au hujalipanga sawasawa.

Kila tatizo kati ya hayo lina tiba yake, na tiba ya moja hulizidisha lingine. Tone la mafuta kwenye pedi inayonata huloweka ngozi yake na kukusanya vumbi. Kitufe kitaonekana kimepona siku moja, kisha pedi itaharibika kabisa. Kati ya makosa yote, hili ndilo linaloua pedi nyingi kuliko jingine.

Mbona kila siku vinavyonata ni vitufe vya noti za G#, A na C#/G#?

Kwa sababu vitufe hivyo hukaa vimefungwa. Springi inaikandamiza pedi kwenye tundu saa zote, hata usiku klarineti ikiwa ndani ya kasha. Vitufe vya pete na vile vya chini vinavyokaa wazi hupata hewa na kukauka.

Tena viko kipande cha juu, ambako pumzi bado ina joto. Mbao ikiwa baridi, mvuke wa pumzi hugeuka maji papo hapo, na maji yakishapata njia ndani ya klarineti huifuata hiyohiyo kila mara hadi tundu lilelile. Asubuhi za Juni na Julai, Mbeya mjini, Njombe au Makete, dakika kumi za kupiga zinatosha kuloweka pedi ya A. Wapigaji wa Dar es Salaam hawalijui sana tatizo hili.

Halafu kuna sukari. Chai ya maziwa, soda, pipi ya kifua: vyote huingia na pumzi. Maji yakikauka, sukari inabaki kwenye pedi. Pedi nyingi za klarineti za zamani zimefunikwa utando mwembamba sana unaotokana na utumbo wa ng'ombe, na utando huo hushika sukari vizuri mno. Kusukutua maji safi kabla ya kupiga huzuia mengi ya matatizo yanayoulizwa hapa.

Nisafisheje pedi bila kuitoa?

Unahitaji karatasi ya kusokotea sigara isiyo na gundi, au ukate ukingo wenye gundi uutupe. Ukiikosa, ile karatasi laini inayozungushiwa viatu vipya dukani inafaa, mradi haina maandishi. Kata vipande vya upana wa milimita 5 na urefu wa sentimita 4 hivi.

Ingiza karatasi kavu kati ya pedi na tundu, funga kitufe kwa kidole bila kukaza, hesabu hadi tano, kisha fungua kitufe ndipo utoe karatasi. Usiivute karatasi wakati pedi imefungwa. Watu wengi huvuta, na kwa pedi mpya ngumu huenda isidhurike, lakini utando wa zamani umekauka na huchanika kama ganda la kitunguu. Rudia kwa karatasi mpya hadi itoke bila alama ya unyevu.

Ikiwa bado inanata, dondoshea ncha ya karatasi tone moja la spiriti ya duka la dawa. Chagua isiyo na mafuta ndani yake: paka kidogo kwenye kioo, ikikauka bila kuacha ukungu ni safi. Karatasi iwe na unyevunyevu tu, isidondoke. Funga kitufe juu yake mara tatu au nne, fungua, toa, kisha weka karatasi kavu. Acha kitufe kikiwa wazi kwa dakika kumi kabla ya kupiga.

Spiriti isifike pembeni mwa pedi. Pedi za zamani hushikiliwa ndani ya kikombe chake (kisahani cha chuma cha kitufe) kwa shelaki, gundi ya asili inayolainika kwa joto, na spiriti huiyeyusha shelaki. Ukiiloweka, pedi italegea, itakaa upande na kuanza kuvujisha hewa, na hapo utakuwa umebadilisha shida ndogo kwa kubwa.

Usisahau tundu lenyewe. Ukingo wake hushika utando wa uchafu wa kahawia usioonekana vizuri kwa mbele. Inua kitufe, pitisha pamba ya masikio yenye spiriti kidogo sana kuzunguka ukingo, kisha kausha. Mara nyingi pedi inayosafishwa leo na kunata tena kesho kutwa haina kosa lolote. Uchafu uko kwenye ukingo.

Noti ya pesa au poda ya mtoto je?

Hapana. Noti imepita mikono mingi, ina mafuta na mchanga, na uso wake mkavu unakwangua. Poda hufanya kazi saa moja tu. Baada ya hapo huchanganyika na mate na kuwa uji unaoingia hadi kwenye pini.

Kitufe kinarudi kivivu ingawa pedi ni safi. Nifanyeje?

Hapa kuna kipimo kimoja kinachosema ukweli kuliko vyote. Iondoe springi kwenye kishikio chake ili isivute wala kusukuma. Kwa springi ya sindano (ile nyembamba iliyochomekwa kwenye nguzo, kijiti cha chuma kinachokishika kitufe kwenye mbao), tumia sindano ya kroshia: kwa ncha yake utaivuta, na kwa pengo dogo ulilokata kwa tupa upande wa pili utaisukuma. Springi ikiwa huru, inamisha klarineti huku na huku. Kitufe kinatakiwa kianguke chenyewe kwa uzito wake, bila kusita mahali popote. Kikianguka vizuri, pini haina tatizo na mgonjwa ni springi. Kikisita, springi haina kosa, usiikaze. Kuikaza springi ili ishinde msuguano kunaifanya pedi ijikate kwenye ukingo wa tundu na kuacha jeraha la duara.

Kama kinasita, tafuta kinachokibana kwa mpangilio huu.

Kwanza skrubu za ncha. Vitufe vingi vifupi hushikwa na skrubu mbili zilizochongoka, moja kila upande. Legeza moja kwa robo mzunguko. Kitufe kikiwa huru ghafla, ilikuwa imekazwa mno. Iache hapo, na uweke alama ndogo ya rangi ya kucha kwenye kichwa cha skrubu isije ikajilegeza wakati wa kupiga.

Pili mafuta yaliyoganda. Mafuta ya zamani ndani ya bomba la kitufe (mrija ambao pini hupita ndani yake) hugeuka gundi ya kahawia. Hapa lazima kitufe kitolewe. Kumbuka kwamba kitufe cha A kimelala juu ya cha G#, kwa hiyo ili utoe G# lazima A ianze. Kila skrubu ichome kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio uleule ilivyokaa, ukiandika jina lake. Skrubu zinazofanana kwa macho hazilingani urefu, na ukizichanganya utapoteza jioni nzima. Futa pini kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, pitisha uzi wa pamba wenye mafuta hayohayo ndani ya bomba hadi utoke mweupe, kisha pitisha uzi mkavu. Pini ikiwa na kutu, isugue kwa sufi laini ya chuma ya namba 0000, ukienda kwa urefu wake. Fanya kazi hii mbali na moto, na mafuta ya taa yasiguse pedi.

Tatu pini iliyopinda. Ibingirishe juu ya kioo. Ikicheza au ukiona mwanga unapita chini yake, imepinda. Hili hutokea mno kwa wanaounganisha klarineti kwa kushika pini ndefu za kipande cha chini badala ya kushika mbao. Upindo mdogo hunyooshwa kwa vidole, kidogo kidogo. Upindo wa bomba lenyewe ni kazi ya fundi.

Mwisho angalia vitufe jirani. Kitufe kinaweza kuwa kizima ila kinasuguana na cha pembeni, au pete imepinda na inagusa ukingo wa tundu lake. Tafuta mkwaruzo unaong'aa, kwa kuwa chuma kinachosuguana hujitaja chenyewe.

Mafuta gani yanafaa, na kiasi gani?

Mafuta ya cherehani yaliyo safi na yasiyo na rangi yanatosha kwa pini nyingi. Pini ndefu zilizolegea kwa uchakavu hupenda mafuta mazito zaidi kidogo. Chovya ncha ya sindano, gusa mahali bomba linapokutana na nguzo, chezesha kitufe mara ishirini au thelathini, kisha futa yanayotokeza. Kiasi ni kichwa cha pini, basi. Ukiona yanatiririka, umezidisha mara kumi.

Usitumie mafuta ya alizeti, ya nazi, ya ng'ombe wala mafuta ya kujipaka. Yote huganda yakikaa, na mengi ya vitufe vinavyokwama ni kazi ya mafuta ya kupikia yaliyotiwa zamani na mtu mwenye nia njema. Mafuta ya injini ni mazito na machafu. Yale ya kupuliza kutoka kwenye kopo husambaa hadi kwenye pedi.

Kiangazi vitufe vinabana, masika vinapona vyenyewe. Inakuwaje?

Klarineti nyingi za mbao zimetengenezwa kwa mpingo, mti unaokatwa hapahapa Tanzania, hasa misitu ya Kilwa, Liwale na Ruvuma. Ni mbao nzito inayozama majini, lakini bado ni mbao: hunywa unyevu na kuupoteza. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya Iringa na Mbeya ni kavu, na upepo wa Iringa hukausha kila kitu. Mbao ikisinyaa, nguzo zilizochomekwa humo hukaribiana kwa kiasi kidogo mno kuonekana kwa macho, lakini kitufe kirefu kilichokaa kwa kulingana kabisa kati ya nguzo mbili hakina nafasi ya kusamehe. Kinabana.

Usikimbilie kupiga tupa bomba la kitufe. Mvua za Novemba zikirudi, kitufe hicho kitakuwa kimelegea na kugongagonga. Rudisha unyevu kwanza: chukua kibweta cha sabuni chenye matundu, weka sponji iliyokamuliwa isiyodondosha, kiache ndani ya kasha lililofungwa kwa siku tatu hadi nne, kisha pima tena. Kagua kila siku kama kuna ukungu. Tukuyu hali ni kinyume: mvua ni nyingi mno, kwa hiyo huko hakuna haja ya sponji. Fungua kasha likiwa chumba kikavu, na vumilia viungio vinavyovimba na kugoma kuchomoka.

Na asubuhi ya baridi, usipulize pumzi ya moto kwa nguvu ndani ya mbao iliyolala na baridi. Ipashe kwanza chini ya koti au mikononi, hasa kipande cha juu. Ndani inapovimba kabla ya nje kupata joto, mbao hupasuka, na ufa hupenda kupita kwenye matundu madogo ya pembeni.

Springi imechoka au imekatika. Naweza kuirekebisha?

Springi bapa imefungwa chini ya kitufe kwa skrubu ndogo. Skrubu hiyo ikilegea, springi huhama kwenye mfereji wake na kitufe hulegea, wakati springi yenyewe ni nzima. Irudishe katikati na ukaze. Mfereji ukiwa na kutu au uchafu, usafishe kwa kijiti cha kiberiti na upake grisi kidogo kwenye ncha tu.

Springi ya sindano iliyochoka huongezewa nguvu kwa kuitoa kwenye kishikio na kuisukuma taratibu upande inakotakiwa kusukuma, ukianzia karibu na nguzo. Kidogo, jaribu, tena kidogo. Chuma cha zamani kikishakuwa na kutu shingoni hukatika bila onyo.

Ikikatika Jumamosi na ibada ni kesho, raba bendi iliyozungushwa kwenye kitufe na kiwiliwili cha klarineti itakuvusha. Itoe mara baada ya kupiga, kwa sababu mpira una salfa inayoufanya mng'ao wa fedha kuwa mweusi.

Kwa matengenezo ya kudumu, sindano ya kushonea hutumika, lakini si kama ilivyotoka dukani. Ni ngumu mno na itavunjika. Iweke kwenye kijiko cha chuma juu ya moto mdogo, uiangalie ikipita rangi ya majani makavu, kisha kahawia, hadi bluu, na papo hapo uiondoe. Ikipita bluu na kuwa kijivu imelainika mno, anza na nyingine. Kata kulingana na urefu wa ile ya zamani, pondaponda kidogo ule upande mnene, na uivute kwa plaizi hadi ikaze kwenye tundu la nguzo. Unene uwe uleule wa ile iliyotoka; ipime na fundi saa mwenye kalipa, kifaa cha kupimia unene.

Skrubu imeganda kabisa. Nitumie nguvu?

Nguvu ya kuzungusha, hapana. Bisibisi ijae mfereji wa skrubu pande zote. Ikiwa nene, inoe kwenye jiwe hadi iingie. Bisibisi ya upana wa milimita 2 hadi 3 inatosha kazi nyingi. Tia tone la mafuta mepesi, acha usiku kucha, rudia. Kisha gusa kichwa cha skrubu kwa ncha ya chuma cha kulehemu redio kwa sekunde tatu au nne, acha ipoe, jaribu. Joto hulipasua ganda la kutu. Kama mfereji umeanza kulika, simama hapo. Skrubu yenye kichwa kizima fundi huitoa kwa dakika chache. Iliyoharibiwa lazima itobolewe.

Vitufe vya kidole kidogo cha kushoto vinagugumia. Navyo vina pedi?

Vile virefu vya E/B na F#/C# havina pedi vyenyewe. Huviendesha vitufe vya upande wa pili kupitia pini ndogo inayoingia kwenye kishimo. Kishimo hicho hujaa grisi kavu, au kile kipande cha ngozi kilichowekwa kuzuia makelele kimechakaa na kukunjamana. Kichokoe kwa kijiti, kisafishe kwa spiriti, weka kipande kipya cha utando mwembamba na grisi ya ukubwa wa punje ya mtama. Pini za plastiki huvunjika zikilazimishwa, kwa hiyo toa kitufe kwa kukiinua wima.

Nitajuaje kama pedi inahitaji kubadilishwa?

Utando umechanika, pedi imekuwa ngumu kama kadibodi, au jeraha la duara limezidi nusu milimita. Pedi hupimwa kwa kipenyo cha kikombe chake na huuzwa kwa hatua za nusu milimita. Kwa klarineti ya Bb yenye vitufe 17, nyingi huangukia kati ya milimita 8 na 17. Pima kila kikombe kabla ya kuagiza. Viwanda havilingani, na vya zamani ndiyo kabisa. Ukiagiza seti kutoka Dar ije kwa basi, ongeza mbilimbili za saizi ndogo za kipande cha juu. Hizo ndizo huisha mapema.

Ukibadilisha, moto upashe kikombe cha chuma kikiwa nje ya klarineti, wala usifike kwenye mbao.

Yangu si ya mbao. Mambo yanabadilika?

Kidogo. Ya plastiki haisinyai, kwa hiyo kubana kwake huwa ni uchafu au pini iliyopinda. Klarineti nyingi za zamani ni za mpira mgumu, eboniti: hupauka na kuwa kijani au kahawia, na ukisugua kwa kidole hutoa harufu ya salfa. Hizo usizioshe kwa maji ya moto wala kuziacha juani, zitapauka zaidi. Vitufe vya aloi ya shaba, nikeli na zinki hukubali kunyooshwa. Vya bei nafuu vilivyomiminwa kwenye kalibu huvunjika vikipindwa mara moja.

Nimemaliza. Nitahakikishaje kwamba hewa haivuji?

Chukua kipande cha juu peke yake, funga matundu yote kwa vidole kama unavyopiga, ziba mwisho wa chini kwa kiganja, nyonya hewa kwa mdomo upande wa juu, kisha shikilia. Mvuto unatakiwa udumu sekunde kadhaa. Ukiisha mara moja, pima kila pedi kwa ukanda wa karatasi ya sigara wa upana wa milimita 3 pande nne: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Hapa karatasi huvutwa taratibu pedi ikiwa imefungwa kwa uzito wa springi tu, na ukinzani uwe sawa kote. Kati ya A na G# angalia pia skrubu ndogo ya kurekebishia. Ikiwa imeshuka mno, mojawapo ya pedi hizo mbili haitafunga kamwe hata ukiisafisha mara ngapi. Iache na nafasi ya unene wa karatasi moja.